Kiti Kilichotazama Ziwa

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, kwa kuwa mtu aliyestaafu ndiye hasa anayehitaji kujua ni saa ngapi. Mkaniomba pia niwaandikie mambo mawili matatu ya kazini, nadhani kwa adabu tu, kama mtu anavyomwambia mgeni "karibu tena" huku akifunga geti. Basi mmepatikana. Nimekaa barazani kwangu Kinyala, mvua inanyesha, miguu nimeiweka juu ya stuli, na sina mkutano wowote wa kukimbilia.

Vyeo sitavisimulia, vilikuwa vichache na mnavijua vyote. Nitawaambia jinsi udongo wa milimani unavyofika ziwani, maana ndiyo kazi iliyonila magoti, na kuna wawili kati yenu ambao bado mnadhani inafanyika kwenye kompyuta.

Niliripoti ofisi yetu ya maji Tukuyu nikiwa msichana, cheti mkononi, viatu vyeupe miguuni. Aliyenipokea alikuwa Mzee Hamza, mkuu wa vipimo. Alizaliwa palepale mjini katika familia ya wauza vitambaa. Ndugu zake wote walikuwa na maduka, yeye peke yake akachagua matope. Aliangalia cheti changu haraka haraka, kisha akaangalia viatu kwa muda mrefu.

"Binti, hivyo viatu ni vya harusi ya nani?"

Nikairudisha miguu nyuma. Muda si mrefu mvua ikashuka, ile ya Tukuyu isiyobisha hodi, na karani akaanza kufunga madirisha. Mzee Hamza akavaa koti lake la mpira, akanitupia lingine.

"Twende kazini."

"Mvua inanyesha, mzee."

"Ndiyo maana."

Akanipeleka kwenye mteremko mmoja nje ya mji, akaniamuru nikinge kiganja kwenye maji yanayoteremka. Kwanza chini ya migomba: maji yalikuwa mepesi, rangi ya chai ya rangi. Halafu chini ya shamba lililolimwa: chai ya maziwa. Halafu kwenye mtaro wa barabara, na hapo nikakinga uji wa ulezi, mzito, na changarawe ndani yake. Hayo matatu, chai ya rangi, chai ya maziwa na uji wa ulezi, ndiyo yalikuwa masomo yangu ya chuo kikuu. Mzee Hamza alinifundisha kwamba tope likionekana ziwani, halihojiwi ziwani. Unalifuata nyuma, tena mvua ikiwa inanyesha, mpaka ufike lilikotoka. Viatu vyeupe vilikufa siku ile na sikuvililia.

Vifaa vyetu havikuwa vya kujivunia. Kulikuwa na boti yenye tabia ya kuvuja upande wa mtu mgeni. Kulikuwa na sahani ya bati iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe, unaishusha majini kwa kamba mpaka isionekane, kisha unasoma kamba imezama kiasi gani. Maji safi, kamba ndefu. Maji machafu, kamba fupi. Mzee Hamza alikuwa akiiona sahani muda mrefu baada ya mimi kuipoteza, na mpaka leo naamini alikuwa ananidanganya ili niongeze bidii. Zilikuwepo pia chupa za kioo za kuchukulia maji ya kupima. Nilizibeba kila mahali ndani ya kapu, zikigongana, mpaka vijijini wakaniita Mama Chupa. Nimezaa watoto, nina jina la ubatizo, lakini kuanzia Nkunga hadi Kisiba mimi ni Mama Chupa na nitazikwa hivyo.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote ni bomba la kuchotea tope. Unalizamisha chini kabisa ya ziwa, unalivuta, linatoka na mkate mrefu wa tope wenye matabaka. Haya maziwa yetu madogo ni mashimo ya volkano za zamani, hayana mto wa kuyasafisha, kwa hiyo kila kinachoingia kinakaa na kumbukumbu zake. Chini kabisa unakuta weusi na mabaki ya majani, enzi ambazo msitu ulifika mpaka ukingoni. Juu yake rangi inaanza kufifia, watu wamefika na migomba yao. Halafu, karibu na juu, ghafla tabaka nene la rangi ya kahawia. Mwanafunzi mmoja wa mazoezi aliwahi kuniuliza lile tabaka ni la mlipuko gani. Nikamwambia mlipuko huo ni sisi.

Nilipoanza kazi, miteremko ya upande wa Kisiba ilikuwa na kahawa chini ya migomba. Ardhi ilivaa nguo mbili na mvua iliifikia ikiwa imechoka. Kisha bei ya kahawa ikaanguka na watu wakang'oa mibuni, wakalima mahindi na maharage mpaka karibu na ukingo wa mashimo. Siwalaumu, kahawa hailiki. Lakini udongo wetu ni mwepesi, ukiuacha uchi msimu mmoja unashuka na mvua bila kuaga. Baadaye ikaja mikaratusi, na siku hizi kila mwenye robo eka anaota maparachichi. Kila badiliko la juu tuliliona chini kwenye lile bomba, likichelewa kidogo, kama barua ya zamani.

Sasa niwasimulie shauri moja tu, ndilo nililoahidi moyoni kuliandika. Ziwa lenyewe ni dogo, liko upande wa Kisiba, na jina silitaji kwa sababu wenyewe wapo na wana simu.

Ziwa hilo lina ghuba ndogo ambako wanawake huchota maji. Wanapaita Bandarini, ingawa meli pekee iliyowahi kutia nanga pale ni boti yetu, tena ikiwa nusu imezama. Ghuba ile ilianza kujaa tope. Kila mwaka kamba ya sahani ilizidi kuwa fupi, na wanawake wakalazimika kupita kwenye matope mpaka magotini ndipo wapate maji ya kuingiza ndooni. Kamati ya maji ya kijiji ikatuita.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Ambilikile. Alikuwa amestaafu kiwanda cha chai, mtu mrefu, mnyoofu, mwenye sauti ya mashine. Mke wake alipofariki, alihama katikati ya kitongoji akajenga nyumba kwenye kona ya njia kuu ya kushukia ziwani. Ile njia ilikatwa zamani na watu waliojua kazi, inazunguka taratibu kwenye ukuta wa shimo mpaka chini, haimwagi hata kokoto. Nyumba ikaitazama njia na ziwa kwa pamoja. Kila asubuhi mzee aliweka kiti chake cha mianzi barazani, mlango ukiwa wazi nyuma yake, akatazama maji. Aliniambia siku moja kwamba marehemu mkewe alilipenda ziwa lile, na akilitazama anaona kama wanatazama wote. Nilimpenda kwa neno hilo.

Tulipima. Niseme ukweli, ofisi wakati huo ilikuwa na ugonjwa mmoja ambao natumaini mmepona: safari zote zilipangwa kiangazi, kwa sababu masika gari haliwezi kupanda. Wilaya inayonyesha karibu mwaka mzima, na sisi tulichunguza mmomonyoko wa mvua katika zile wiki chache za vumbi. Mzee Hamza alikuwa amekwisha kustaafu, laiti angekuwepo angetupiga kwa koti lake. Basi kiangazi tulitazama juu ya Bandarini, tukaona mashamba ya mahindi yaliyovunwa yako wazi kwenye mteremko, na ripoti ikasema chanzo ni mahindi. Ripoti ilikuwa na ramani nzuri sana yenye rangi.

Mzee Ambilikile aliisoma ripoti kama amri ya Mungu. Akaitisha mkutano, akatangaza kwamba msimu ukianza hakuna jembe juu ya Bandarini, pote papandwe miti. Na ili watu wasiseme anapendelea, akaanza na kipande cha ukoo wake mwenyewe, shamba alilompa mwanawe na lililolimwa na mke wa mwanawe, Subilaga. Muhtasari wa mkutano ukaandika kwamba hakuna aliyepinga.

Subilaga alinisubiri ufukweni siku tunavuta boti. Mwanamke mfupi, imara, mume wake yuko Tunduma anatafuta maisha na maisha nayo yanamkwepa. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mama Chupa."

"Marahaba, mwanangu."

"Ninyi ndio mliosema mahindi yangu yanajaza ziwa?"

"Tulisema miteremko yote."

"Miteremko yote haina watoto wa kulisha. Mimi ninao. Nikinyang'anywa pale, sina pengine pa kulima, mama. Nitaomba nani unga?"

"Mkutanoni ulisemaje?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la aibu. "Sikwenda. Ningeendaje? Aliyekalia kiti ni yule wa pale juu." Kisha akaniuliza taratibu, bila hasira, "Mna hakika lakini?"

Nilikuwa na ramani nzuri yenye rangi, na hakika sikuwa nayo. Nilijisikia vibaya, nikamwambia asing'oe kitu mpaka nirudi mvua zikianza.

Mvua zilipoanza, dereva wetu aliitazama barabara kama mtu anayeombwa figo. Nikachukua bodaboda. Nilimbeba mmoja wenu, simtaji, aliyekuja amefungia kishikwambi chake ndani ya mifuko mitatu ya plastiki na yeye mwenyewe hana hata mwavuli. Bodaboda ilituacha juu kwenye kanisa, tukateremka kwa miguu kupitia kando ya mashamba mpaka Bandarini, tukasimama kwenye mvua kubwa tukitazama maji yanayoingia ghubani.

Yaliingia mahali pawili. Upande wa shamba la Subilaga ilishuka chai ya maziwa, tena ya maziwa kidogo. Mahindi si malaika, yalikuwa yanatoa udongo, lakini si ule wa kuzika ghuba. Upande wa pili, kutoka kwenye kichaka cha mianzi ambacho kiangazi hatukuwahi hata kukigeukia, ulikuwa unamwagika uji wa ulezi, unanguruma, umebeba changarawe na mizizi.

"Mama, hilo ni korongo," kijana akasema. "Kwenye ramani halipo."

"Iweke ramani mfukoni. Tunapanda."

Tulipanda kwa mikono na miguu. Ndani ya mianzi lilikuwa korongo refu kunizidi mimi, linashuka wima, na sakafu yake ilikuwa njia. Kulikuwa na ngazi za udongo zilizolika, nyayo mbichi za miguu midogo, na ngata ya majani ya mgomba iliyodondoka kichwani kwa mtu. Wanawake wa kitongoji kizima walikuwa wanapita pale, na ndoo za maji, wima, wakati mita chache pembeni iko njia pana ya wazee isiyomwaga kokoto.

Kijana akawa anauliza kila anapoteleza, "Lakini kwa nini? Kwa nini wasipite njia nzuri?" Naye aliteleza mara nyingi, kwa hiyo aliuliza mara nyingi.

Tulipotokeza juu, tulimkuta mwanamke na ndoo yake tupu, amesimama nyuma ya mgomba. Alisikiliza. Kutoka kwenye kona ya njia kuu kikaja kikohozi kizito cha mzee. Yule mwanamke akavuta kanga usoni, akageuka, akajitosa korongoni. Nikachungulia pale alipochungulia. Nikaona kile kiti cha mianzi, na miguu mirefu iliyonyooshwa mbele yake.

Nilicheka peke yangu kwenye mvua mpaka kijana akadhani nimepatwa na homa.

Ninyi mliotoka mbali mnielewe. Kwetu Unyakyusa, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hatamki jina lake. Na baba mkwe si mmoja, hata ndugu zake wamo, kwa hiyo mzee mmoja wa ukoo mkubwa anaweza kuwa na wakamwana kitongoji kizima. Mjini siku hizi wanakaa sebule moja wanatazama tamthilia, lakini huko wapo wanaoishika desturi, tena kwa upendo, si kwa woga. Mimi mwenyewe nilipoolewa hapa Kinyala niliwahi kujificha kwenye banda la kuku mpaka baba mkwe wangu amalize kuongea na mgeni, na mgeni alikuwa mwongeaji. Subilaga alimpikia mzee yule chakula kila siku. Alikiweka mlango wa nyuma, akagonga kifuniko cha sufuria, akaondoka, na mzee akasubiri nyayo ziishe ndipo atoke kukichukua. Waliishi hivyo kwa amani. Ila tangu mzee ajenge pale konani na kuweka kiti chake, njia nzuri ilifungwa kwa wake wote wa ukoo. Wakakata ya kwao, ya mkato. Miguu ikalegeza udongo, mvua ikaukuta umelegea, na ghuba ikapokea. Kijiji kizima kilijua sababu ya njia ile. Asiyejua alikuwa mzee mwenyewe, maana nani angemwambia? Kumwambia baba mkwe kwamba unamkwepa ni kumvunjia heshima ileile unayoilinda kwa kumkwepa.

"Tuandike kwenye ripoti," kijana akasema.

"Uandike nini? Chanzo cha tope: heshima?"

"Basi apigiwe simu."

Nikamwambia akae chini ya mgomba alinde kishikwambi chake.

Nilimkuta Mzee Ambilikile barazani akitazama mvua ikipiga ziwa. Alinipa chai kutoka kwenye chupa yake, akaniuliza habari za Kinyala, za watoto, za magoti. Halafu nikamwomba mwavuli wake na dakika zake chache. Nikampeleka ukingoni, mahali mtu anapoliona lile korongo kwa juu, maji ya kahawia yakiruka ndani yake.

Aliinama akatazama. "Hii ndiyo inaua ghuba?"

"Ndiyo, tata. Mahindi yanachangia, lakini kidogo. Kubwa ni hii," nikamwambia, nikimwita baba kwa lugha yetu.

"Ni njia hii! Naona nyayo." Akapandwa na hasira. "Vijana wa siku hizi hawana subira kabisa! Njia yangu ni pana, ni nzuri fijo, nzuri sana, inapita mlangoni kwangu pale. Kwa nini hawapiti kwangu?"

Niligeuza uso nikatazama kiti chake kule barazani. Na yeye akageuka, akakitazama. Mvua ilinyesha sana juu ya ule mwavuli. Nikamwona anahesabu kimoyomoyo nani ameolewa nyumba gani.

"Ee juba," akaniambia, kama mtu anayemwita mama, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Ni mimi?"

"Ni kiti tu, tata."

Hakucheka. Alirudi ndani, akafunga mlango, akanisahau nje na mwavuli wake mkononi. Tulirudi Tukuyu nikiwa na huzuni ya kweli. Niliona nimemvua mzee nguo mbele ya ziwa lake, na shamba la Subilaga huenda sijaliokoa.

Juma lililofuata nilirudi kurudisha mwavuli. Kutoka mbali nikasikia nyundo. Mzee Ambilikile na jirani yake fundi walikuwa wanajenga. Mlango wa mbele, ule uliotazama ziwa, ulikuwa umezibwa kwa tofali mpaka juu. Baraza lilikuwa limebomolewa. Mlango mpya ulikuwa umetobolewa ukuta wa nyuma, unatazama migomba na choo. Kiti cha mianzi kilikuwa huko nyuma.

"Na dirisha, tata?" niliuliza, maana nalo lilikuwa limepigiliwa mbao.

"Nikiacha dirisha nitachungulia. Najijua."

Nilitaka kumwambia kitu kuhusu mkewe na lile ziwa waliloliangalia pamoja, machozi yakaniwahi. Akanipa msumari nimshikie, nadhani ili nipate kazi ya kufanya.

Kamati ilikaa tena. Mwenyekiti akatangaza kwa Kiswahili chake cha kiwandani kwamba "baada ya uchunguzi wa kina uliofanyika wakati wa mvua", mashamba hayatafungwa ila yatatengenezwa, na njia ya mkato itapumzishwa. Korongo tuliliwekea vizuizi vya mianzi na mawe, tukapanda matete. Subilaga alibaki na shamba lake. Alilipigia matuta ya kukinga mteremko, majani ya malisho yakioteshwa kila baada ya matuta kadhaa, na aliyemletea miche ya majani hayo mlangoni usiku hatukumwona, lakini ilikuwa imefungwa kwa kamba za kiwanda cha chai. Wakamwana wakaanza kupita njia kuu, mbele ya ukuta usio na mlango, wakiongea na kucheka kwa sauti. Nadhani wengine waliongeza sauti makusudi ili mzee asikie.

Msidhani ziwa lilipona wiki ileile. Tope lililokwisha kuingia halitoki, na ninyi mtalipima mpaka mstaafu. Lakini jipya lilipungua. Nilimwachia Subilaga chupa zangu awe ananichotea maji pale Bandarini kila Jumamosi, nikipita nazichukua. Alikuwa mtu makini sana, hakuruka wiki. Ila kila nilipohesabu, chupa zilikuwa pungufu. Niliuliza, akatazama pembeni, akasema zinavunjika. Nikaona huyu mama makini ana mikono ya ajabu, nikaendelea kumletea.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilikwenda kuaga. Nilipita kwanza kwa Mzee Ambilikile, mlango wa nyuma. Amezeeka sasa, anatembea na fimbo. Akanikaribisha ndani, na nilipozoea giza nikaona rafu ukutani, pale mlango wa zamani ulipokuwa. Rafu ilikuwa imejaa chupa zangu.

"Zinaachwa pale kwenye jiwe la konani," akasema. "Kila Jumamosi. Nasikia kifuniko kinagongwa, nangoja, halafu naenda kuchukua." Akanyanyua moja, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Maji yalikuwa safi kabisa, niliona vidole vyake upande wa pili. "Mimi nalitazama ziwa humu ndani, mama. Kila wiki. Linazidi kuwa zuri fijo."

Tulikaa, tukanywa chai, tukazitazama.

Nilipoinuka akanishika mkono. "Ukishuka huko utamkuta. Mwambie ndaga. Mwambie mzee amesema ndaga fijo."

Nikashuka njia kuu na magoti yangu. Subilaga alikuwa Bandarini anafua. Nikampa asante ile ya Kinyakyusa kama nilivyopewa. Alibaki ameshika nguo mkononi, maji yanachuruzika, akatazama kule juu kwenye ukuta. Kisha akajifuta uso kwa kiwiko.

"Mwambie asante," akasema. "Na umwambie chupa zimeniishia. Azirudishe."

Nikapanda tena, msiniulize vipi. Mzee alipopata ujumbe alicheka mpaka akakaa. Halafu akaanza kuziteremsha moja moja, akizifuta kwa shati lake, akizipanga kwenye kapu langu. Rafu ikabaki na chupa moja pembeni kabisa, ya kwanza. Maji yake yalionekana meupe kama ya nyingine, nikanyoosha mkono niichukue.

Akaniwahi. Akaitikisa, na tope lililokuwa limetulia chini likapanda, chupa nzima ikawa uji wa ulezi.

"Hii niachie," akasema. "Nisije nikasahau nilikuwa nimekaa wapi."